Barua kwa mwanangu: Gazeti la Emporia na familia iliyolishika

Morogoro

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi sote hatujambo, na tumefurahi kusikia kwamba mkeo na watoto wanaendelea vizuri. Barua yako sikutaka kuijibu kwa haraka, kwa sababu umeniuliza jambo zito. Umesema kwamba wewe, mkeo na mdogo wako mmekusudia kuanzisha gazeti la kila wiki hapo wilayani, na kabla hamjatia akiba yenu ungependa kujua kama mimi, katika kazi yangu ya ukutubi, nimepata kuona gazeti la mji mdogo lililobaki mikononi mwa familia moja kwa vizazi kadhaa. Na kama lipo, ni kitu gani kililishikilia wakati mengine yalipouzwa au kufa.

Lipo, na ndilo nililokuwa nikilisoma nilipokuwa mwanafunzi Marekani. Linaitwa The Emporia Gazette, na makao yake ni Emporia katika jimbo la Kansas, mji wa watu wapatao 24,000 uliozungukwa na vilima vya nyasi viitwavyo Flint Hills. Maktaba ya chuo nilichosomea imepewa jina la William Allen White, mhariri aliyelifanya gazeti hilo lijulikane nchi nzima, na humo ndimo nilimozoea kusoma nakala za zamani katika filamu ndogo za kumbukumbu. Nikupe jibu langu mapema, kisha nikueleze historia yenyewe uone nilikolipata: gazeti lile lilidumu kwa sababu katika kila kizazi neno la mwisho lilikuwa la nyumba moja tu, kwa sababu wenye gazeti walikuwa wakazi wa mji ule ambao msomaji mwenye hasira aliweza kuwafuata hadi mlangoni, na kwa sababu walikuwa na riziki nyingine iliyowawezesha kukataa fedha za watu.

White alizaliwa Emporia tarehe 10 Februari 1868, lakini alikulia El Dorado, mji mwingine wa Kansas, ambako baba yake alikuwa daktari na mfanyabiashara. Mama yake alikuwa mwalimu. Kazi ya chapa aliianza ujanani katika chumba cha mitambo, akipanga herufi za madini ya risasi moja moja, na ninataka ulizingatie hilo, kwa maana mtu aliyekuja baadaye kuandika tahariri zilizosomwa na marais alikuwa anajua pia namna ukurasa unavyofungwa na wino unavyopakwa. Alisoma katika Chuo cha Emporia na Chuo Kikuu cha Kansas bila kumaliza shahada, akafanya kazi katika magazeti ya Kansas City, na mwaka 1893 akamwoa Sallie Lindsay. Miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 27, aliamua kwamba hataki kuwa mwajiriwa wa gazeti la mtu mwingine. Akalinunua Gazette kwa dola 3,000, na fedha zote hizo zilikuwa za mkopo.

Gazeti alilolinunua halikuwa na fahari yoyote. Lilikuwa limeanzishwa mwaka 1890, na mji ulikuwa na gazeti jingine lenye nguvu zaidi, lililoshikwa na mwanasiasa mkongwe wa chama kilekile cha Republican ambacho White naye alikuwa mfuasi wake. Katika kitabu cha maisha yake, White anasimulia kwamba aliposhuka kwenye treni alikuwa na dola moja na senti 25 mfukoni, akasimama kituoni akifikiri kama atembee kwa miguu ili asiitumie ile robo dola, au apande gari la farasi ili watu waone kwamba mwenye gazeti mpya ni mtu wa kuaminika. Akapanda gari. Wengine huisoma habari hiyo kama kisa cha kijana mwenye majivuno, lakini mimi naiona kuwa ni hesabu ya kibiashara iliyopigwa vizuri. Katika mji mdogo mwenye benki, mwenye duka la vyakula na mwuza karatasi watakukopesha au hawatakukopesha kwa kadiri wanavyokuona, na mhariri aliyeingia akiwa amedhoofika machoni pao angewaandikia wasomaji wake huku akiwaogopa wadai wake.

Tarehe 3 Juni 1895 alitoa toleo lake la kwanza likiwa na tahariri fupi iliyojitambulisha kuwa ni ya mambo yake binafsi. Humo alisema wazi kwamba mhariri huyo mpya anatumaini kuishi hapo hapo hadi atakapokuwa mhariri mzee. Maneno hayo yalikuwa mkataba na wasomaji, naye aliutimiza: katika miaka iliyofuata aliitwa na magazeti ya miji mikubwa kwa mishahara ambayo Emporia haikuweza kuilipa, akakataa kila mara, akaishi na kufanya kazi mjini hapo hadi alipofariki tarehe 29 Januari 1944. Ulipoandika kwamba mnafikiria kuliendesha gazeti la wilaya kutoka Dar es Salaam kwa miaka michache ya mwanzo, nililikumbuka hilo mara moja, na nitalirudia mbele.

Umaarufu ulimjia kwa ghafla, na ulikuja kwa maandishi ambayo baadaye hakuyaamini tena yote. Mwezi Agosti 1896 nchi ilikuwa katika kampeni kali ya urais kati ya William McKinley wa Republican na William Jennings Bryan, aliyeungwa mkono na Populisti, na Kansas ilikuwa ngome ya Populisti, yaani chama cha wakulima waliolemewa na madeni, nauli za reli na bei duni za mazao. Kundi la wafuasi wa chama hicho lilimkuta White mtaani, likamzunguka na kumzodoa. Alirudi ofisini akiwa anatetemeka kwa hasira, akaandika tahariri iliyouliza Kansas imepatwa na nini, akiwakejeli viongozi wa Populisti kwa kila neno kali alilokuwa nalo, kisha akasafiri kwenda Colorado alikokuwa mkewe. Tahariri ilichapwa tarehe 15 Agosti. Alipokuwa bado hayupo, magazeti ya Republican kote nchini yaliinakili, na Mark Hanna, aliyekuwa anaongoza kampeni ya McKinley, akaieneza kwa wingi sana. Mhariri wa mji ambao watu wengi hawakuwahi kuusikia akawa anajulikana New York na Washington.

Ninachokiheshimu zaidi kwake ni yaliyofuata. Mwaka 1897 alikutana na Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais, wakawa marafiki, na taratibu White akaanza kuyaona yale matatizo ya wakulima kwa jicho jingine, hata mwaka 1912 akamfuata Roosevelt katika chama kipya cha Progressive, kilichodai mengi ya yale ambayo Populisti waliyadai kabla yake. Alikubali hadharani kwamba alikuwa amegeuka. Wasomaji wake walikuwa wamemwona akibadilika kidogo kidogo, tahariri baada ya tahariri, kwa miaka kadhaa. Ndiyo maana hawakumwita kigeugeu. Mwandishi anayeishi mbali huona tu maoni ya jana na ya leo, lakini majirani huona njia yote iliyopitiwa kati yake.

Sasa nizungumzie fedha, kwa kuwa ndiyo sehemu ya barua yako iliyonitia wasiwasi. Gazeti la mji mdogo wa Marekani wa wakati ule liliishi kwa njia nne: wasomaji waliolipia kwa mwaka, matangazo ya maduka, matangazo ya kisheria ya serikali ya wilaya, na kazi ndogo ndogo za chapa kama vile kadi za harusi, mabango ya mnada na vitabu vya stakabadhi. Njia ya nne haisifiwi na mtu, lakini mara nyingi ndiyo iliyolipa mshahara wa Jumamosi. Njia ya tatu ndiyo iliyokuwa na mtego. Kazi za chapa za wilaya zilitolewa kwa gazeti lililopendwa na wenye madaraka, na katika miaka yake ya mwanzo White alipigana siasa za kienyeji na mpinzani wake kwa ajili ya kazi hizo hasa. Hakuwa mtu msafi asiyegusa siasa. Lakini kadiri vitabu na makala zake zilivyouzwa katika majarida makubwa ya Mashariki mwa Marekani, na kuanzia mwaka 1926 alipokuwa mmoja wa wanaochagua vitabu vya Book of the Month Club, klabu iliyowauzia wanachama wake kitabu kilichochaguliwa kila mwezi, alipata kipato ambacho hakikutoka kwa mwanasiasa wala mfanyabiashara yeyote wa Emporia. Kipato hicho ndicho kilichompa ujasiri. Watu husifu moyo wa mhariri na kusahau kuuliza alilipwa na nani.

Hapo wilayani kwenu mtangazaji mkubwa wa uhakika atakuwa halmashauri yenyewe: zabuni, nafasi za kazi, matangazo ya viwanja. Tena unajua kwamba Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inalitaka gazeti liwe na leseni. Sisemi msichukue matangazo ya halmashauri, kwa kuwa wananchi wana haki ya kuyasoma mahali panapoonekana. Nasema pigeni hesabu ya gazeti lisilo na matangazo hayo hata moja, mwone kama litasimama kwa miezi sita. Mkeo ana duka la vifaa vya shule na mashine ya kurudufu. Msiifunge biashara hiyo ili kumpa nafasi ya uhariri, kwa sababu hiyo ndiyo itakayowapa ninyi uhuru ambao White aliupata kwa vitabu vyake.

Kuhusu kilichoandikwa ndani ya Gazette siku hadi siku, ungeshangaa jinsi kilivyokuwa cha kawaida. Fulani amerudi kutoka kumtembelea dada yake. Mvua imenyesha kiasi hiki. Mtoto wa fundi wa reli amepata nafasi chuoni. Tanzia, harusi, bei ya ng'ombe. White alishikilia kwamba jina la kila mkazi lina haki ya kuonekana gazetini angalau siku alipozaliwa, alipooa na alipokufa. Vijana wengi wa mji walijifunza uandishi katika chumba kile, na baadhi yao wakaenda magazeti makubwa. Hata mshairi Walt Mason, aliyeingia Gazette mwaka 1907, alianza kuandika mashairi yake ya kila siku kwa ajili ya wasomaji wa Emporia kabla hayajanunuliwa na magazeti mengi nchini.

Na maandishi bora kuliko yote yaliyopata kutoka katika gazeti lile, kwa maoni yangu, ni tanzia. Mwezi Mei 1921, Mary, binti wa White mwenye umri wa miaka 16, alikuwa amepanda farasi, akageuka kumpungia mkono rafiki yake, kichwa chake kikagonga tawi la mti, naye akafariki siku chache baadaye. Baba yake alirudi mezani na tarehe 17 Mei akachapisha tahariri juu yake. Hakuandika maneno makubwa ya msiba. Aliandika kwamba binti huyo hakupenda kukua haraka, kwamba alipenda kulijaza gari la nyumbani marafiki wa kila tabaka, na kwamba alikuwa akimsumbua baba yake ahakikishe wasichana weusi wa shule ya sekondari wanapata chumba chao cha kupumzikia. Kumbuka ni mwaka gani huo na ni nchi gani. Mzazi aliyefiwa angeweza kuficha ubishi wa namna hiyo ili asiwaudhi majirani wazungu siku ya maziko. Yeye aliuweka katikati ya tanzia kwa sababu ndivyo binti alivyokuwa. Nimeisoma mara nyingi, na kama mama sijawahi kuimaliza kwa macho makavu. Familia ilitoa ardhi kwa mji iwe bustani ya watu wote kwa kumbukumbu yake, na bustani hiyo, Peter Pan Park, ipo hadi leo.

Mwaka uliofuata ndio ulioonyesha gazeti la familia linaweza kufanya nini. Tarehe 1 Julai 1922 mafundi wa karakana za reli wapatao 400,000 waligoma kote Marekani. Emporia ulikuwa mji wa reli ya Santa Fe. Mafundi wale walikuwa wasomaji wa Gazette, na wafanyabiashara walioogopa mgomo walikuwa watangazaji wake. Gavana wa Kansas, Henry Allen, aliyekuwa rafiki wa White wa miaka mingi, alikataza maduka kubandika mabango ya kuwaunga mkono wagomaji. White hakukubaliana na mgomo kwa jumla, lakini aliona kwamba kumkataza mtu kusema anamwunga mkono nani ni kuvunja haki yake. Akabandika bango dirishani mwa ofisi yake likisema kwamba anawaunga mkono wagomaji kwa asilimia 49. Gavana rafiki yake akaamuru akamatwe. Tarehe 27 Julai White akachapisha tahariri fupi ya kumjibu rafiki aliyekuwa na hofu, akieleza kwamba uhuru wa kusema unahitajika zaidi wakati wa hatari kuliko wakati wa raha, na kwamba watu wakiwa huru, upumbavu wao utakufa kwa sumu yake wenyewe na hekima yao itabaki. Mashtaka yalifutwa, na mwaka 1923 tahariri hiyo ikapewa Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani.

Angalia ile asilimia 49, mwanangu. Angeweza kuandika mia kwa mia na kushangiliwa na wagomaji, au kukaa kimya na kubaki na matangazo yote. Alipima anachokiamini hasa, akakiandika kwa kipimo chake, kisha akakubali kulipia. Gazeti linalomilikiwa na kampuni ya mbali lingempigia simu wakili kwanza. Hapa mwenye gazeti, mhariri na mshtakiwa walikuwa mtu mmoja, na uamuzi ulichukua muda wa kubandika karatasi kwenye kioo.

Mwaka 1924 alifanya jambo ambalo sidhani kama ningemshauri mhariri mwingine alifanye. Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu wabaguzi, ilikuwa imeenea Kansas, na White alipoona kwamba wagombea wa vyama vyote viwili vikubwa hawataki kuilaani waziwazi, aligombea ugavana yeye mwenyewe bila chama, akazunguka jimbo kwa gari akiihutubia hadhara kuhusu chuki dhidi ya weusi, Wayahudi, Wakatoliki na wageni. Alishika nafasi ya tatu kwa kura zinazokaribia 150,000. Hakutarajia kushinda; alitaka watu wenye aibu ya kusema waone kwamba wako wengi. Mhariri anayegombea cheo hulitia gazeti lake shaka, na mimi bado naamini hivyo kama kanuni. Lakini nikijiuliza ningependa awe amekaa kimya mwaka ule, siwezi kusema ndiyo.

Sasa tufike kwenye kizazi cha pili, kwani ndipo magazeti mengi ya familia yanapovunjika. Baada ya kifo cha Mary, White na Sallie walibaki na mtoto mmoja, William Lindsay White, aliyezaliwa mwaka 1900 na kusoma Harvard. Kijana huyo alifanya kazi Gazette, kisha mwaka 1935 akaondoka kwenda Washington na baadaye New York, kwa kuwa si rahisi kuwa mhariri katika mji ambamo kila mtu anakupima kwa baba yako. Baba hakumfungia mlango wala hakumpa gazeti mtu mwingine. Mwana akawa mwandishi wa vita anayejulikana kwa jina lake mwenyewe. Alitangaza kwa redio kutoka mstari wa vita wa Finland mwaka 1939, na mwaka 1940 alikuwa London ilipokuwa ikipigwa mabomu. Huko alimkuta mtoto wa kike wa miaka mitatu asiye na wazazi, akampenda, akarudi naye Marekani kama binti yake. Baba alipofariki mwaka 1944, mwana alilichukua gazeti, akagawa maisha yake kati ya New York na Emporia, na akalishika hadi alipofariki mwaka 1973. Kisiasa alielemea upande wa kihafidhina kuliko baba yake, na wasomaji wa zamani walilalamika. Mimi naona ilikuwa afadhali aandike anachokiamini kuliko kuyaiga maoni ya marehemu kwa miaka karibu 30.

Usiwasahau wanawake wa nyumba ile, ambao historia huwataja kwa haraka. Sallie alikuwa msomaji wa kwanza na mhariri wa maandishi ya mumewe maisha yao yote, na alifanya kazi ofisini katika miaka ya mwanzo fedha zilipokuwa hazipo. Mwana alipofariki, mjane wake Kathrine ndiye aliyelisimamia gazeti. Baada yake wakaja Barbara White Walker, yule mtoto aliyetolewa London katikati ya mabomu, na mumewe David Walker. Na baada yao mtoto wao, Christopher White Walker. Kwa hiyo aliyeuvusha urithi kutoka kizazi cha pili kwenda cha nne hakuwa wa damu ya White hata kidogo. Familia ilikuwa imemfanya kuwa mtoto wao, naye akaufanya mji kuwa wake.

Ukiyatazama hayo yote utaona kwamba sehemu ya kudumu kwao ilitokana na msiba: Mary alikufa, William Lindsay akawa na mtoto mmoja tu, na hivyo umiliki haukupata kutawanyika. Magazeti mengi ya familia Marekani yalishindwa hapo hapo. Shamba la urithi likigawanywa kila mjukuu apate kipande chake, hufika wakati hakuna kipande kinachotosha kulimwa, na wote hukubali kuuza. Ndivyo ilivyokuwa kwa hisa za magazeti katika kizazi cha tatu, hasa kuanzia miaka ya 1960, kampuni kubwa zilipokuja na bei nono na warithi wakawa wanakabiliwa na kodi ya mirathi. Baadaye intaneti ikachukua matangazo madogo madogo ya nyumba, kazi na magari, na tangu mwaka 2005 zaidi ya robo ya magazeti ya Marekani yamefungwa. Emporia nayo haikupona taabu za miji midogo: mwaka 2008 kiwanda kikubwa cha nyama kilisimamisha uchinjaji, ajira zipatazo 1,500 zikapotea, na Wasomali wengi waliokuwa wamehamia hapo kwa ajili ya kazi hiyo wakaondoka. Familia ikipoteza kazi huacha kununua samani, na duka la samani huacha kutangaza.

Hapa kwetu Afrika Mashariki una mfano wa upande wa pili. A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara aliyekuwa mkandarasi wa reli ya Uganda, alianzisha The African Standard mjini Mombasa mwaka 1902. Kwake gazeti lilikuwa mali moja kati ya mali nyingi, na mwaka 1905 alikwisha kuliuza. Wanunuzi wakalibadilisha jina, na mwaka 1910 likahamia Nairobi, mahali serikali na walowezi walipokuwa. Limeishi hadi leo na limekuwa gazeti kubwa la taifa, lakini si gazeti la familia tena wala la Mombasa. Kwa hiyo swali lako lina maswali mawili ndani yake: mnataka gazeti liishi, au mnataka libaki lenu na la wilaya yenu? Njia za kufikia hayo mawili hazifanani, na mkeo na mdogo wako wanapaswa kujibu pamoja nawe kabla ya kununua hata rimu moja ya karatasi.

Kama jibu ni la pili, basi haya ndiyo ninayokushauri. Hamieni huko. Gazeti la wilaya linaloandikwa kutoka Dar es Salaam litakuwa na habari za wilaya bila kuwa na watu wake, na mkulima wa korosho aliyeandikwa vibaya hatakuwa na mlango wa kuugonga. Hisa msizigawe sawa kwa sawa kati yenu watatu. Ninajua mdogo wako anatia fedha nyingi kuliko wewe, na ni haki apate faida kwa kadiri ya fedha zake. Lakini faida na uamuzi ni vitu viwili, na wakili anaweza kuviandika mbali mbali. Neno la mwisho juu ya kinachochapwa liwe la mtu mmoja anayeishi hapo wilayani, na iandikwe pia ni nani atakayelishika akifa au akichoka, na kwa bei gani wengine watanunua sehemu ya atakayetaka kutoka. Watoto wenu msiwalazimishe. Kama mmoja atataka kwenda kwanza kufanya kazi mahali pengine, kama alivyofanya mwana wa White, mwacheni aende, na nafasi yake iwepo akirudi.

Baba yako amesema atachangia fedha za miezi mitatu ya uchapaji bila kuchukua hisa yoyote, ili wenye neno wasiongezeke. Niandikie mkishakubaliana nani atakuwa mhariri na nani mwenye duka, nami nitamwomba rafiki yetu wakili aanze kuandaa hati.

Wasalimie wote.

Mama yako